CD za Mke Wangu kwenye Mtama wa Masika

Siku Masika aliponiomba zile CD akazitundike shambani kwake kufukuza ndege, nilitakiwa kusema hapana. Neno moja tu. Badala yake nilisema, "Chukua zote, shemeji, mimi sizihitaji tena," nikamtafutia hata mfuko wa kubebea. Naona aibu kulisimulia jambo hili, na aibu yenyewe imechanganyika na hasira kiasi kwamba nikiwa peke yangu najikuta nimeuma meno mpaka taya linauma, lakini kwa kuwa watu wa Bwera wamekwisha kulisimulia kwa namna zao (wengine wanasema nilimpiga DJ, jambo ambalo si kweli, nilimshika kola tu), afadhali mlisikie kutoka kwangu mimi niliyeliharibu.

Mimi naitwa Barasa. Baba yangu alitoka upande wa Kenya kuja kufanya kazi ya mgodi, mimi nikazaliwa hapa Kasese, nikasoma mpaka senior four, nikawa mtunza stoo katika kiwanda cha saruji mpaka nilipostaafu. Mke wangu, Kabugho, alikuwa Mkonzo wa Bwera, na Masika ni dada yake mkubwa. Kabugho alikuwa mwimbaji. Simsifu kwa sababu ni marehemu. Alikuwa mwimbaji, na kwaya yao ilipoamua kurekodi ilivuka mpaka pale Mpondwe, ikaingia kwenye studio moja ndogo Kasindi, upande wa Kongo, chumba kimoja kilichozibwa madirisha kwa magodoro, na wimbo wa saba katika ile CD aliuimba peke yake.

Mwishoni mwa wimbo huo kuna kicheko. Mpiga ngoma alikuwa amekalia kreti ya soda, kreti ikamvunjikia mara tu Kabugho alipomaliza neno la mwisho, naye akacheka, cheko la mtu aliyejizuia kwa muda mrefu, na mashine ilikuwa bado inarekodi. Mwenye studio alitaka kukikata. Kabugho akamwambia, "Wacha ikae. Mungu hajui kama sisi tunachekaka?" Basi kikabaki.

Kabugho alifariki wakati binti yetu wa mwisho, Eseza, alikuwa bado mdogo hata hawezi kufunga vifungo vya gauni lake. Redio yetu yenye mdomo wa CD ilikufa muda mfupi baadaye, fundi akaitazama akasema nitafute nyingine, na ile CD yake ikabaki kwenye sanduku la bati pamoja na CD nyingine za kwaya na za mahubiri tulizokuwa tukinunua. Eseza alikua bila kuikumbuka sauti ya mama yake. Mara nyingi alikuwa akiniuliza, "Alikuwa na sauti nzito au nyembamba?" nami namjibu, "Ya katikati," kwa sababu sauti ya mtu huwezi kuieleza.

Sasa Eseza ni nesi, anafanya kazi Mbarara, na mwaka uliopita akapata mchumba, kijana mwenye adabu kutoka Fort Portal. Tulipoanza kupanga sherehe ya kumtoa kwa wakwe, alinipigia simu akasema hataki mengi. "Baba, siku nitakapotoka ndani ya nyumba kwenda mbele ya wageni, nataka nitoke kwa sauti ya mama. Hilo tu." Tukakubaliana sherehe iwe Bwera, nyumbani kwa bibi yake, kwa kuwa mama mkwe wangu miguu yake haimbebi tena na hawezi safari ya kuja Kasese, naye pia alitaka kumsikia mtoto wake kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo.

Hapo ndipo lilipoanza suala la kompyuta. Mwanangu mkubwa aliniletea moja iliyokwisha kutumiwa, ya zamani, yenye mdomo wa kuingiza CD (za siku hizi hazina), akanionyesha jinsi ya kuiwasha na kuizima, akarudi kazini kwake. Jirani yangu hapa mtaani Nyamwamba ni mwalimu mstaafu anaitwa Baluku, ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa letu, na yeye alikuwa amekwisha kuhamisha CD za kwaya kwenye kompyuta yake. Akaja akaketi barazani kwangu, akanieleza. CD ya muziki, alisema, huichukui tu kama unavyochukua picha. Unafungua ile programu ya kucheza muziki, unaiambia ivute nyimbo kutoka kwenye CD, halafu unachagua unataka zikae kwa aina gani. Kuna wav, hiyo inachukua sauti nzima nzima lakini inakula nafasi kama gunia la pamba. Kuna mp3, inapunguza punguza, nafasi ndogo, na sikio la mzee haliwezi kujua tofauti.

"Kwa sauti ya Kabugho chukua wav," alisema. "Ile ingine utasikiliza kwa simu, lakini hii weka nzima."

"Na inachukua muda gani?"

"Inategemea kompyuta. Yako hii ni mzee kama sisi. Unaingiza moja, unaenda unalisha mbuzi, unarudi."

Niliangalia lile sanduku la bati lililojaa, nikaona mbuzi wangu watanenepa. Nikamwambia asante, nitajua mwenyewe.

Kesho yake niliingiza CD ya kwanza. Kompyuta ikaifungua, nikaona nyimbo zimepangwa moja chini ya nyingine, kila moja na namba yake. Nikazishika zote kwa pamoja, nikazivuta, nikaziweka kwenye kabati la humo humo ndani ya kompyuta nililolipa jina Muziki. Zikaingia. Nasema zikaingia kabla sijanyanyua kikombe cha chai. Nikatoa, nikaingiza ya pili, nayo vilevile. Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimemaliza sanduku zima, nikazihamisha zote kwenye flashi, na flashi ikasema bado ina nafasi tele, karibu kama haijaguswa. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi. Nilijisemea kwamba Baluku alikuwa anataka kunikalisha wiki nzima ili aonekane mwalimu.

Na sikuwa mjinga wa kutojaribu, hilo naomba mlikubali. Nilijaribu. CD ya Kabugho ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa bado iko ndani ya kompyuta nilipoubonyeza ule wimbo wa saba kwenye kabati langu jipya, na Kabugho akaimba. Sikuwa nimemsikia kwa miaka mingi. Nilikaa pale barazani na mikono juu ya magoti nikalia, mzee mzima, na wimbo ulipofika karibu na mwisho nikauzima, kwa sababu nilijiambia kile kicheko nisikile peke yangu kama mwizi, nitakisikia siku ya sherehe pamoja na mtoto wake na mama yake. Niliuzima mimi mwenyewe. Kidole hiki.

Jumapili baada ya ibada nilimtafuta Baluku. Sikwenda kumshukuru, nilikwenda kujigamba, na nilijigamba mbele ya watu.

"Mwalimu, wewe wimbo wako mmoja unakula nafasi kiasi gani?"

"Ya mp3 inaweza kufika megabaiti nne, tano. Ya wav hata arobaini."

"Wangu unakula kilobaiti moja."

Baluku aliacha kufunga Biblia yake. "Kilobaiti moja?"

"Moja. Na wimbo unaimba mpaka mwisho. Ni aina nyingine hiyo, imeandikwa cda, nyinyi hamuijui."

"Barasa, kilobaiti moja haitoshi hata jina la baba yako na ukoo wake. Hiyo si wimbo."

"Nimeusikia kwa masikio yangu."

"Toa CD nje, halafu usikilize tena. Fanya hiyo tu."

Ningefanya hiyo tu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini wanawake wa kwaya walikuwa wamesimama pale wanasikiliza, na mmoja akacheka kidogo, nami nikaona Baluku ananifundisha mbele yao kama mtoto wa darasa la P.3. Nikamwambia kwamba mimi nilitunza stoo ya kiwanda kizima na sikupoteza hata msumari, kwa hiyo sihitaji mtu wa kunifundisha kutunza wimbo. Nikaondoka. Hatukusalimiana tena kwa muda mrefu, na kila nilipopita mbele ya nyumba yake nilikuwa natembea kwa kishindo ili asikie kwamba napita.

Nilikuwa bado na hasira hiyo ya Baluku Masika alipokuja Kasese kununua mbolea na kupumzika kwangu. Alikunywa chai, akaona lile sanduku liko wazi.

"Shemeji, hii mutama yangu ndege beko wanaimaliza," alisema. "Watoto wamechoka kupiga makopo. Mama mumoja kule kwetu alitundika hivi vitu vya kung'aa, ndege hawafike tena. Wewe umeisha kuweka nyimbo yote mu kompyuta. Unipatie."

Nilisita kidogo. Naapa nilisita. Niliitazama ile ya Kasindi, ambayo kwa chini ilikuwa ya kijani kidogo na juu imeandikwa kwa kalamu na mkono wa Kabugho mwenyewe. Halafu nikamkumbuka Baluku na kilobaiti zake, nikaona kwamba kuibakiza ile moja ni kama kukubali kwamba yeye amesema kweli. Ndiyo. Niliitoa CD ya mke wangu ili nimshinde mtu ambaye hata hakuwepo. Nikamwambia achukue zote.

Mwezi wa sherehe ulipokaribia, Eseza alinipigia. "Baba, nitumie huo wimbo kwenye simu niusikie kwanza." Nikamwambia hapana, utausikia siku yenyewe, usiharibu. Akabembeleza. Nikakataa, na nikaona raha kukataa, kama mtu anayeficha zawadi. Kama ningejaribu kumtumia hata mara moja ningegundua. Lakini sikujaribu.

Sherehe yenyewe ilianza vizuri. Mahema mawili uani, la kwetu na la wageni, viti vya plastiki, jenereta nyuma ya jiko, wanawake wanapakua ugali wa muhogo na mbuzi. Mama mkwe walimtoa nje na kiti chake wakamweka karibu na spika ili asikie vizuri. Hapo lazima niwaeleze jambo moja. Kwetu mimi, kule iliko asili yangu, mwanamume hapazi sauti mbele ya mama mkwe wake. Hata kula mbele yake ni taabu. Tangu nimwoe Kabugho, yule mama hajawahi kunisikia nikisema neno lolote kwa nguvu, na Wakonzo wa pale walikuwa wakinisifu kwa hilo, wakisema yule mkwe wetu wa Kenya ana heshima kuliko wetu wa hapa.

DJ alikuwa bwana mmoja wa Mpondwe anaitwa Kasereka, mtu mzima, mwenye kofia. Wageni walipokwisha kuomba waonyeshwe binti, na Eseza amesimama nyuma ya pazia la mlango na wenzake, amevaa vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, nikampa Kasereka flashi na nikamwambia wimbo wa saba. Akaichomeka. Akainama. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Papa," aliniambia polepole, "hii flashi iko na majina tu. Nafungua, inakataa."

"Fungua tena."

"Nimefungua, papa. Inakataa."

"Basi mashine yako ni mbovu."

"Mashine iko inaimba tangu asubuhi. Hata wewe umeichezea."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na hapo damu ikanipanda. Ningeweza kumnong'oneza apige kitu kingine, Eseza atoke, mambo mengine tuyatafute baadaye. Lakini nilichukua maikrofoni. Nilisema ndugu wageni mniwie radhi, huyu mtu tuliyemwita hapa kwa heshima amefuta nyimbo zangu, ameharibu flashi yangu, na hataondoka hapa mpaka azirudishe. Kasereka akasema hajafuta kitu. Nikamwita mwongo. Akasema, "Papa, nakuheshimu, lakini usinitukane mbele ya watu," na mimi nikamshika kola.

Kwa upande wa wageni kulikuwa na mjomba wa bwana harusi, mwanajeshi mstaafu, mrefu, na watu wote walikuwa wakimwita afande. Alisimama.

"Mzee. Achia mutu."

"Simwachii."

"Achia. Kaa chini."

"Hapa ni nyumbani kwetu, sikai chini."

"Nimesema kaa chini," akasema, hata hakupaza sauti, na mkono wangu ukamwachia Kasereka wenyewe. Wageni wakacheka tena, na safari hii hata watu wetu walicheka. Sauti yangu yote ilikuwa imetoka kwenye maikrofoni. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe amejifunika nusu ya uso kwa kitenge chake.

Sasa mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikasema nitawaonyesha. Nikaenda kwenye gari, nikaleta kompyuta yangu, nikaiweka juu ya meza ya DJ mbele ya mahema yote mawili, nikaiunganisha na spika, nikafungua lile kabati langu la Muziki na kuubonyeza wimbo wa saba. Kompyuta ikafikiri kidogo. Halafu ikaandika maneno, na kwa kuwa nilikuwa bado nimeshika maikrofoni, na kwa kuwa nilikuwa na uhakika kwamba maneno hayo yatamshtaki Kasereka, niliyasoma kwa sauti na kuyafasiri hapo hapo.

"Inasema: ingiza diski."

Nikayasoma tena kimoyomoyo, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa lote kwa mara moja, kilobaiti, chai niliyokuwa bado sijainyanyua, Baluku na Biblia yake mkononi. Nilikuwa nimehamisha majina. Wimbo wenyewe haukuwa umetoka kwenye CD hata kidogo. Vile vitu nilivyokusanya vilikuwa kama vibao vya njiani vinavyoiambia kompyuta wimbo uko kwenye CD, wimbo wa saba, uende ukautafute huko. Na siku niliyolia barazani, kompyuta ilikuwa inaimba kutoka kwenye CD iliyokuwa mdomoni mwake.

Masika alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Hakuwa na nia mbaya, na nimejaribu sana kumkasirikia nikashindwa.

"Shemeji," aliita, "diski si ile ulinipatia? Iko pale ku mutama."

Watu wote wakageuka. Shamba la Masika liko kwenye kilima nyuma ya nyumba, na jua la mchana lilikuwa limelipiga sawasawa, na juu ya mtama wote, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, CD zangu zilikuwa zinazunguka kwenye upepo na kung'aa. Tulikuwa tumeziona tangu asubuhi. Mgeni mmoja alikuwa hata amezisifu.

Walianza kucheka watoto, wakafuata wakwe. Kasereka, ambaye kola yake ilikuwa bado imepinda, alichukua maikrofoni yake na kusema, "Wageni wapendwa, muvumilie kidogo, muziki inakuja kutoka mu shamba." Na hata afande, mtu ambaye uso wake sikudhani unaweza kufanya hivyo, alicheka mpaka akatoa leso.

Nilipanda kilima na suti yangu. Sikumsubiri mtu. Njia ilikuwa na matope ya mvua ya jana yake, viatu vikabaki mara mbili, mtama ukanipiga usoni, na nyuma yangu nilikuwa namsikia Masika anakuja akiniita nipunguze mwendo. Nikaanza kukata kamba. Ya kwanza, ya pili. Zote zilikuwa zimetobolewa ukingoni kwa msumari wa moto, na nilipozigeuza upande wa juu niliona hakuna maandishi kwenye hata moja. Majina ya kwaya, majina ya wahubiri, yote hayapo.

"Maandishi yako wapi?" nilimuuliza Masika alipofika, akihema.

"Nilisugua."

"Ulisugua na nini?"

"Majivu na muchanga, kama sufuria. Upande moja ilikuwa inang'aa, upande ingine ilikuwa na wino na vumbi, haing'ai. Nikasema nisugue ing'ae yote mbili." Alinitazama. "Nilikosea?"

Ile ya Kasindi niliitambua kwa rangi yake ya kijani. Ilikuwa kwenye mti wa mwisho, karibu na mfereji. Ngozi yake ya fedha, ile iliyoko upande wa maandishi, majivu yalikuwa yameikwangua na mvua ikamalizia, imebaki vipande viwili vitatu ukingoni kama magamba ya samaki. Sehemu nyingine yote ilikuwa wazi. Niliinyanyua kwenye jua, na kupitia kwayo nikauona uso wa Masika vizuri kabisa, mpaka jasho kwenye paji la uso, na nikaona anaanza kuelewa ni CD gani niliyoishika.

Tukiwa bado pale juu tukasikia vigelegele. Wageni wa Fort Portal walikuwa na safari ndefu ya kurudi, wasingeweza kungoja mzee mmoja avune muziki, kwa hiyo wanawake wa nyumbani walikuwa wameanza kuimba wao wenyewe kwa midomo yao, na Eseza akatoka. Niliona kitambaa chake cha dhahabu kwa mbali, kinapita katikati ya mahema. Mahali pangu mbele palikuwa na kiti kitupu. Mimi niliona binti yangu anatolewa nikiwa nimesimama katikati ya mtama, na punje zimejaa kwenye mfuko wa koti.

Niliposhuka hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Eseza aliinuka kutoka kwenye mkeka akanijia.

"Umeipata, baba?"

Nikampa. Aliishika kwa vidole kama vile manesi wanavyoshika picha ya mifupa, akaielekeza kwenye mwanga, akaishusha.

"Wewe uliusikia wote? Siku ile nyumbani?"

"Niliuzima kabla ya mwisho."

"Kwa nini?"

Nikaanza kupangusa matope kwenye suruali.

"Basi niambie alivyocheka," alisema. "Ulisema anacheka mwishoni. Nionyeshe alivyocheka."

Nikajaribu. Mbele ya wageni, mbele ya mama mkwe, nilifungua mdomo nijaribu kucheka kama Kabugho, na kilichotoka kilikuwa kikohozi cha mzee. Nikajaribu tena. Mama mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa Lhukonzo, kwamba niachwe, inatosha, na Eseza akanishika mkono akanikalisha.

Tulitafuta baadaye, msidhani hatukutafuta. Nilikwenda kwa Baluku, nikamwomba radhi mbele ya wanawake wale wale wa kwaya, akanisindikiza Kasindi. Kwenye nyumba ya studio sasa kunauzwa mafuta ya mawese. Mwenyewe alihama wakati wa vita na hakuna anayejua alikohamia. Wanakwaya wenzake Kabugho waliobaki tuliwatembelea mmoja mmoja. CD zao zilikwisha siku nyingi, zilivunjika, zilipotea, ya mmoja ilichukuliwa na mafuriko ya mto Nyamwamba pamoja na kabati la nguo. Yule mpiga ngoma aliyevunjikiwa na kreti bado yuko hai. Alikumbuka kreti, hakukumbuka kicheko. Baluku hakuniambia hata mara moja kwamba aliniambia. Ningefurahi kama angesema, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Kompyuta nilimrudishia mwanangu. Nikipita shambani kwa mtu nikaona CD zimetundikwa nasimama nauliza kama wana hakika hawazihitaji, na wananitazama kama mwendawazimu, na watazame. Sitatoa tena kitu cha marehemu kwa sababu ya kushindana na mtu aliye hai. Lakini hilo nimelijua wakati halina faida tena kwangu. Nilimwambia Masika achukue zote, na neno hilo limenigharimu sauti ya Kabugho. Haipo tena mahali popote duniani. Mama yake alizikwa mwezi wa pili bila kuisikia, na Eseza hataisikia kamwe.